Maji Safi Mno

Tumbawe haliugui kwa kelele.
Halikohoi, halishikwi na homa,
halikuamshi usiku kuomba maji.
Hupauka tu, kuanzia ncha,
kama pazia lililosahauliwa juani,
na siku unayogundua, limeshaanza kuaga.

Nje ni Januari ya Oulu,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Mto umeganda, watu wanaukatiza kwa baiskeli.
Sebuleni kwangu, ghorofa ya tatu,
lita mia nne za bahari niliyoikoroga mwenyewe
kwa chumvi ya mfuko
zinang'aa buluu,
nami nimepiga magoti mbele ya kioo
na kurunzi, na daftari.

Miaka thelathini na moja nilipima maji taka
ya kiwanda cha karatasi.
Najua kuyahoji maji.
Chumvi: thelathini na tano. Sawa.
Alkali imepanda kidogo, lakini haiyumbi.
Kalsiamu ipo. Magnesiamu ipo.
Nikageuza kila pampu kutafuta sumaku yenye kutu.
Usiku wa manane nikavizia kwa taa nyekundu,
nikisaka konokono mla nyama, minyoo bapa,
chochote chenye kinywa ningeweza kukichukia.
Nikamkuta uduvi mmoja, akinawa ndevu.

Reijo wa duka la samaki alikuja,
akavua viatu mlangoni, akasimama na soksi zake za sufu,
akanyamaza muda mrefu, maana ndivyo anavyofikiri.
"Taa ni kali," akasema.
Kisha: "Au si taa."
Akala andazi la mdalasini, akaenda zake.
Dalili ya mvua ni mawingu;
kwa hili, kila mtu na mbingu yake.

Vipimo viwili nilikuwa nimeviweka kiporo,
kwa kuwa hupima uchafu,
na uchafu, nilijua, sina.
Naitreti: kichupa kikabaki cheupe kama theluji iliyoyeyuka.
Fosfeti: sifuri.
Nikarudia. Sifuri.
Nikaishuku dawa, nikafungua kasha jipya.
Sifuri.

Nikarudisha kurasa nyuma.
Agosti: ncha za zambarau, zimekua milimita nne.
Septemba, wiki ya pili, mwandiko wangu mwenyewe:
*Leo tumempeleka mama nyumba ya wazee.*

Lempi, mama yangu, kiti chake kilikuwa hapa.
Aliwalisha samaki asubuhi.
Akasahau, akawalisha.
Akaenda kunawa, akarudi, akawaona wanamfuata kiooni,
"Maskini, hakuna aliyewapa,"
akawalisha.
Nikaficha mkebe juu ya friji.
Akawapa makombo ya mkate wa shayiri.
Nikamfokea, mtu mzima mimi, kwa sababu ya mwani,
kisha nikanunua mashine kubwa ya kuengua povu,
ya tangi mara mbili ya hili,
ishindane na mkono wake.

Mkono ukaondoka.
Mashine haikuambiwa.
Miezi minne imekesha ikipigana na mtu asiyekuwepo,
na matumbawe yangu, ndani ya maji safi kuliko yote niliyowahi kupima,
yakaanza kujila.

Nikaandika: *Njaa.*
Nikazima mashine saa za usiku, nikashusha alkali polepole,
nikateremsha mkebe.
Mara sita kwa siku, nikihesabu kwa vidole,
kwa kuwa mimi sina kipaji cha kusahau.

La kushoto limekufa; limeota manyoya ya kijani.
La nyuma sijui.
Jana, taa zilipozimika,
niliona vinywa vyake vimefunguka,
vidogo kama tundu la sindano.
Huenda ni kupona.
Huenda ni kuomba tu.
Nilikaa kwenye kile kiti nikiangalia,
mkebe mkononi,
nisikumbuke kama nilikuwa nimewapa.